Jina Langu Ndani ya Gitaa

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tena. Lakini habari njema! Bi Sandhu wa karakana ya magitaa kaja mwenyewe kwenye uwanja wa magogo. Anataka gogo moja tu la mwerezi. Wateja wake wamechoka kuuziwa miti ya wizi, kwa hiyo kila gogo litapigiliwa lebo yenye namba ya mwenye gogo, lipigwe picha, liingizwe kwenye blokcheni. Yaani habari zinakaa kwenye kompyuta za watu wengi kwa pamoja. Ukishaandika, hakuna wa kufuta. Mnunuzi atamulika gitaa kwa simu aone jina la aliyeukata mti. Jina! Langu, Lyle Tofte, ndani ya magitaa dunia nzima! Nikamwambia mke wangu. Bev akasema hata kwenye sanduku letu la barua jina limefutika na sijalipaka rangi. Hana maono.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Jirani yangu Maureen Haggerty naye kaleta gogo. Nene, limenyooka, halina hata fundo. Langu limetoka bondeni kivulini, jembamba, limepinda kama mkia wa mbwa. Mwanamke huyu alinishinda kwa pai ya tufaha kwenye maonyesho, sasa anataka na magitaa! Nimekula viazi bila hamu. Kisha wazo likanijia. Blokcheni haijui gogo. Inajua lebo!

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Mchana, watu wote walikwenda kunywa kahawa. Nikang'oa lebo ya Maureen, nikang'oa yangu, nikazibadilisha, nikapigilia. Kidole gumba nacho nikakipigilia. Mbwa wa Maureen alinikodolea macho mpaka nikamhonga mkate wangu wenye samaki samoni. Bi Sandhu akarudi, akapiga picha, akabofya. Imeingia! Haifutiki! Nilimtazama Maureen kwa huruma.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu wangu. Bi Sandhu alikata kipande cha kila gogo, akakigonga kwa kidole, akasikiliza. Lile nene akalikataa. Limekulia juani, limekua haraka, pete zake za umri, zile za ndani ya mti, zimeachana. Linafaa nguzo za uzio. Lile lililopinda likamtoa machozi. Limekua polepole kivulini, pete zimebanana, sauti yake tamu ajabu. Akampa mkono Maureen!

Nikapayuka kwamba ni langu. Bi Sandhu akauliza lebo ya Maureen ilifikaje pale. Nikasema labda upepo.

"Lyle, ndugu yangu," Maureen akasema, "upepo gani huo unaojua kupiga misumari?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wakata miti wakashika mbavu. Nilitamani ardhi inimeze.

Bi Sandhu akasema hawezi kufuta kitu. Kinachowezekana ni kuongeza mstari wa ukweli chini yake, na mimi niuthibitishe mwenyewe. Ama niungame, ama gogo libaki la Maureen milele. Maureen kasema mali ya mtu haitaki, ila ungamo hilo analitaka sana.

Jumamosi, 8 Machi
Nimethibitisha. Bev alinisindikiza ili nisiongeze neno kuhusu upepo. Maureen alileta pai kusherehekea. Nilikataa kuila. Baadaye nikala vipande viwili. Aibu tupu. Wajukuu wangu, na wajukuu wa wapiga gitaa, wote watasoma.

Jumapili, 9 Machi
Mambo si mabaya hata kidogo! Bev kafungua simu mezani, akasoma kwa sauti: "Gogo hili ni la Lyle Tofte. Lebo yake ilibadilishwa na Lyle Tofte na kuwekwa ya Maureen Haggerty." Akacheka mpaka akamwaga mchuzi. Acha acheke. Mimi nimehesabu. Jina langu limetajwa mara mbili! La Maureen mara moja tu. Nimemshinda, na haifutiki! Mwakani nabadilisha lebo za uwanja mzima.