Lango la Wambugu Lagoma Kusimama

Kiganjo nzima, mwanamume aliyefungua lango kwa kidole alikuwa mmoja tu: Wambugu! Wengine walisukuma ya kwao kwa bega, kama punda wa maji. Yeye alibonyeza rimoti akiwa sebuleni na kikombe mkononi, mota ikanguruma, lango likateleza juu ya reli kwa madaha.

Kasoro ilikuwa moja. Likifunguka, lilisimama kabla ya kufika mwisho wa reli.

"Ni hii swichi," Wambugu alimwambia mkewe Wachuka, akimwonyesha kijichuma kando ya mota. "Lango ikigusa hapa, stima inakatika. Ni kama pasi: ikishika moto ya kutosha, inajizima."

"Si basi iko sawa?"

"Iko sawa kwa waoga! Wakwe wa msichana wetu Wendy wakitoka Chuka hiyo Jumamosi, wataona lango imekwama njiani. Ati watasema nini? Mimi nataka ifunguke mpaka mwisho!"

"Na ikifika mwisho, nani ataiambia isimame?"

"Itaona yenyewe."

Akakifunga kile kijichuma kwa mpira wa baiskeli. Kikanyamaza kama shahidi aliyehongwa.

Jumamosi wageni wakafika na mbuzi wao. Akina mama, wakiongozwa na Gaceri, mama ya bwana harusi, wakaanza kuimba nje ya lango. Ndiyo desturi: haingii mtu mpaka baba ya msichana aseme karibuni. Wambugu, ndani ya suti mpya, akainua rimoti juu kama askofu. Akabonyeza!

Lango likafunguka nusu. Likafunguka lote. Likaendelea!

"Wewe! Simama!"

Akabonyeza tena, na tena. Wapi! Lango lilikuwa limeshaachana na mota na kuonja mteremko wa kwenda kwa jirani, Mama Ngendo, na mwisho wa reli hapakuwa na chuma cha kulizuia. Wambugu akalirukia, akaling'ang'ania. Likambeba! Wakapita migomba pamoja, koti likipepea, wakavunja ua, wakaangukia banda la nguruwe, yeye chini, lango juu. Puu!

"Wambugu!" Mama Ngendo akapiga kelele kutoka jikoni. "Uko na wageni, na unatafuta nini kwa nguruwe zangu?"

Wambugu alikuwa akitema matope.

Kule juu, Wendy alijifunika uso kwa leso. Wachuka alitazama mawingu. Gaceri akatazama pale palipokuwa na lango, akatazama mteremko, akafikiri. Kutoka Chuka si karibu, na nyimbo walikuwa wamezifanyia mazoezi.

"Bado hatujakaribishwa," akawaambia wenzake. "Lango iko kule. Twendeni."

Wakateremka wote, mbuzi nao, wakajipanga mbele ya banda, wakauanza wimbo upya, vigelegele juu!

Wambugu akasubiri mpaka ubeti wa mwisho, angeenda wapi? Nguruwe mmoja jike akamnusa sikio, akaridhika, akalala kando yake.

"Karibuni," akasema kutoka chini ya lango. "Karibuni nyumbani."