Malalamiko Kuhusu Kidude Kisicho na Skrubu

Ndugu Mkuu wa Kiwanda cha Vidude vya Moyo,

Baada ya salamu za heshima, mimi ni fundi wa redio, pasi, feni na baiskeli. Mtaani wananiita Fundi Bisibisi, na jina hilo sijalikataa. Nakuandikia kulalamika rasmi kuhusu kidude mlichokitengeneza, ambacho madaktari walimwekea mke wangu kifuani ili kiukumbushe moyo wake kupiga. Huu ni mwaka wa tisa kinafanya kazi bila kupumzika, na hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia.

1. Hakina skrubu. Nimekagua picha yake kila upande. Daktari alinieleza kwamba ganda lake limechomelewa kwa mwale wa leza, mshono mwembamba kuliko unywele, ili maji ya mwili yasipenye. Nikamuuliza, sasa kinafunguliwa wapi? Akanitazama kwa huruma, akasema, "Fundi, hicho hakifunguliwi. Unyevu ukiingia, kinazima." Ndugu yangu, kutengeneza kitu kisichofunguka ni kumtukana fundi.

2. Mmeniharibia jina nyumbani. Zamani birika nililoliziba likivuja, mke wangu alikuwa analiwekea bakuli chini, maisha yanaendelea. Siku hizi anajigonga kifua kwa kidole na kuniambia, "Hiki kinaogelea mwilini mwaka wa tisa na hakijavuja. Wewe birika la juzi tu limekushinda." Nimenywea. Anayeshindanishwa na mwanamume mwenzake ana matumaini, lakini mimi nashindanishwa na mshono.

3. Wateja nao wamesikia. Jirani yetu mshonaji kaleta pasi, eti anataka dhamana kama ya moyo wa mke wangu. Nilipomweleza kwamba dhamana yangu inaishia pale kwenye kona, akabeba pasi yake akaenda zake.

4. Kidude chenu hakina adabu. Kitu chenye adabu hakiharibiki ghafla: kwanza kinakwaruza, kinatoa harufu, mwenyewe anashtuka anakileta. Chenu kimya tu. Nimeishi na mwanamke huyu tangu tuna kiti kimoja, na kila kilichoharibika ndani ya nyumba nimekifungua mimi. Sasa kile kinachomweka hai ndicho peke yake nisichoweza kukifungua. Naogopa, ndugu, na mimi nikiogopa hutafuta bisibisi.

Kwa hiyo naomba ganda liwekewe skrubu, hata moja. Ikishindikana, mshono ulegezwe kidogo upande mmoja, mahali fundi atakapoingiza ncha ya kisu. Tena mtufundishe sisi mafundi wa mitaani, ili mgonjwa aje Jumamosi, avue shati, akae kwenye benchi langu asome gazeti huku namwekea betri mpya. Na fundi atakayebakiwa na skrubu mkononi baada ya kufunga asihukumiwe. Hutokea hata kwenye redio, na redio huimba vilevile.

Natumaini hutayachukulia haya vibaya. Nisalimie wafanyakazi wa zamu zote, walinzi, wafagiaji, na huyo anayeshika leza pia, maana simchukii yeye binafsi.

Wako katika ufundi,
Fundi Bisibisi

Tanbihi: Nilikuwa sijaituma barua hii, mke wangu akaitwa hospitali. Betri ilikaribia kuisha, wakamwekea kidude kipya, na cha zamani wakanikabidhi kikiwa kimeoshwa. Nilikipeleka moja kwa moja kibandani, nikakitumbukiza kwenye beseni ninalopimia pancha za baiskeli, nikakaa nikikitazama. Nilingoja mpaka chai yangu ikapoa. Hakikutoa kiputo hata kimoja. Nimelia, ndugu, wala sioni aibu kusema. Maombi yote hapo juu nimeyafuta. Mke wangu amerudi nyumbani na hicho kipya chenu kifuani. Nakuomba sana, msilegeze chochote.