Nguo za Guzheng Kumi na Mbili

Jumanne, 12 Machi
Leo nimeapa kazi hii ni yangu. Mwalimu Ouyang wa jumba la muziki anataka vifuniko vya guzheng zake kumi na mbili, zile ala ndefu za nyuzi zinazolazwa zikapigwa kwa vidole. Atachagua mshonaji Jumamosi. Miaka thelathini nimevisha ala za mji huu! Sasa jirani yangu Mama Qiao analeta vya kiwandani. Kanipita mlangoni akaniuliza kama cherehani yangu bado inapumua. Nikamwambia inapumua kuliko yeye akipanda ngazi.

Jumatano, 13 Machi
Vifuniko vya Qiao vinapwaya kama suruali ya mgonjwa. Changu kitabana! Mahameli nyekundu, sponji ndani, lastiki pande zote. Vumbi libaki nje likilia. Nimekwenda karakana ya mwanangu, anakounda ala, kupima guzheng mpya. Shule sikuingia, namba na mimi hatusalimiani. Napima kwa kamba na mafundo. Haijawahi kunidanganya.

Ijumaa, 15 Machi
Kimekwisha! Kizuri! Mkwe wangu Wanqing, anayepiga guzheng jumbani, kaja taratibu: ati Mama, uliyopima ilikuwa tupu, haijasimamishwa vidaraja. Ni vile vijiti ishirini na moja vinavyoinua nyuzi. Havibandikwi, yeye huvisogeza kutafuta sauti. Nikamwambia ale mkate wake wa mvuke, amekonda mno. Mahameli hunyumbuka.

Jumamosi, 16 Machi
Ukumbi umejaa. Guzheng ya Wanqing imeshapatanishwa nyuzi, yeye ndiye wa kufungua onyesho. Nikaivisha mbele ya watu. Ikagoma. Nikapanda kiti, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ikaingia! Kisha: ta-ta-ta-ta. Vidaraja vyote chali. Mama Qiao akanong'ona, kwa sauti ya kufika stesheni, kwamba hata jeneza humbana mtu kwa adabu. Wanqing akapiga magoti, akavisimamisha kimoja kimoja, nusu saa nzima, watu wakibangua mbegu za alizeti. Mwalimu Ouyang akampa Qiao kazi yote. Mkwe wangu hakunilaumu hata kidogo. Bora angenitukana! Nimempikia tambi, nikamtilia mayai mawili.

Jumapili, 17 Machi
Nimepata jawabu. Kifuniko hakina kosa. Kosa ni la vidaraja, vinasimama kilevi. Mwalimu akiona kifuniko changu kimevaliwa bila hata kimoja kuanguka, atamrudisha Qiao kiwandani kwake. Wanqing yuko sokoni, guzheng yake iko sebuleni. Nimechukua gundi ya mbao ya mwanangu, ile isiyobanduka milele.
Nimeshabandika kumi na tisa.