Ng'ombe wa Katoni kwa Baba Mkubwa

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa tisa. Kambi ya Kashuga.
Jumamosi Baba mkubwa Sebarenzi anatimiza miaka sabini. Mwaka mzima hajanisemesha. Tulipokimbia vita kutoka kijiji chetu cha Kingi, mimi ndiye niliyemshauri awaache ng'ombe wake wote kwa rafiki yangu, siku mbili tu. Nilisema rafiki yule ana akili. Akili alikuwa nayo. Ng'ombe hatujawaona tena, wala yeye.
Nimepata mpango. Nitamtengenezea kadi ya sikukuu ya kuzaliwa kwa mikono yangu. Butiki, kiduka cha hapa, ina kadi za maua ya waridi tu. Mchunga ng'ombe umpe waridi! Yangu itakuwa ya kiume: Bihogo, ng'ombe wake kipenzi, mwekundu, pembe ndefu. Akimwona, moyo utalainika.

Jumanne, tarehe 9.
Nimekata katoni ya biskuti. Nimechora kwa makaa, nikapaka udongo mwekundu. Carmel, binti wa Baba mkubwa, amechungulia na kuuliza kama ni mbuzi. Yeye anamfumia baba yake kofia ya sufu. Kofia! Kila mzee hapa kambini anayo. Nimerefusha pembe.

Jumatano, tarehe 10.
Pembe zimetoka nje ya kadi. Nimeanza upya.
Wazo jipya: mkia wa manyoya ya kweli. Nimemwendea ng'ombe wa Papa Léonard, jirani anayeuza maziwa, nikiwa na makasi. Ng'ombe alitulia. Papa Léonard hakutulia. Aliuliza ninatafuta nini huko nyuma. Nikasema naangalia kama ng'ombe ana homa. Akajibu kwamba homa haipimwi kwa makasi. Kisha akanitazama sana, akasema kumbe mimi njo ule mutu wa ng'ombe za Sebarenzi. Watu walikuwa wanasikia. Nimerudi na manyoya machache, uso chini.

Ijumaa, tarehe 12.
Gundi ya unga wa muhogo ilishika vizuri sana. Panya wameila, pamoja na mkia.
Carmel amecheka. Halafu amekaa kwenye kigoda. Ameniambia baba yake amekataza jina la Bihogo lisitajwe nyumbani. Kila asubuhi bado anachukua chombo cha kukamulia, anafika nacho mlangoni, anasimama kidogo, anakirudisha mahali pake. Ameniomba nichore kitu kingine, hata mlima.
Huo ni wivu tu, kwa ajili ya kofia yake. Nimebandika mkia mpya.

Jumamosi, tarehe 13.
Tulikuwa watu kumi na kitu, tukila maharage na muhogo. Carmel alimvisha kofia, mzee akatabasamu. Nikapita mbele ya wote, nikampa kadi kwa mikono miwili.
Aliisogeza karibu na macho. Akapitisha kidole mgongoni mwa Bihogo, polepole, kama anayemtoa kupe. Nikangoja tabasamu. Yakaja machozi, yakashuka mpaka kwenye ndevu. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile ya kukimbia. Watu wakaacha kula.
Akasema: "Ilikuwa na mimba, Zéphyrin. Na ulijua kama iko na mimba."
Nilijua.
Akanirudishia kadi, akaomba fimbo yake, akaenda kulala mchana ule ule. Carmel alikusanya sahani bila kuniangalia. Ya kwangu ilikuwa bado na chakula.

Jumapili, tarehe 14.
Kanisani nilikaa nyuma yake. Hakugeuka. Wakati wa kupeana amani aliwapa mkono watu wa kulia, wa kushoto na wa mbele.
Nimelia njiani, peke yangu, mpaka kwenye mashamba ya maharage. Hapo nikaanza kufikiri vizuri. Mwaka mzima hakunisemesha. Jana amenisemesha, na jina langu akalitaja. Basi mpango umefanya kazi! Kosa lilikuwa kuchora ng'ombe mmoja.
Noeli nitamchorea kundi zima. Na ndama wa Bihogo pembeni yake, ananyonya. Hakuna aliyemwona ndama huyo. Rangi nitaikisia.