Mtaalamu wa Nyaya Aliyenunua Nyumba Nangara

Ludovick alikuwa amebakiza nusu chapati aliposikia neno fidia. Katika mgahawa ule wa karibu na stendi ya Babati, meza ya jirani yake ilikuwa na wapimaji wawili waliovaa vizibao vya kung'aa. Walisema nyaya mpya za msongo mkubwa zitapita sambamba na zile za zamani, kwa hiyo mkuza, ile njia ya chini ya nyaya ambayo haijengwi nyumba, unapanuliwa. Kule Nangara kila nyumba itakayoangukia ndani yake italipwa fidia, kisha iondoke. Ludovick akaisukuma chapati pembeni. Njaa yake ilikuwa imepanda cheo.

Mali yake yote duniani ilikuwa pikipiki na ulimi. Pikipiki aliinunua kwa miaka mitatu ya kubeba abiria juani na vumbini, kabla hajagundua kwamba kusema kunachosha kidogo kuliko kuendesha. Sasa aliiona nafasi ya kuwa mtu kamili: apate nyumba moja mkuzani kwa bei ya woga, fidia ije imkute yeye ndiye mwenyewe.

Kesho yake aliingia Nangara na koti jeupe, mkononi ana redio ndogo iliyozungushiwa utepe mweusi na kuandikwa KIPIMO. Redio ya namna ile ikisogezwa karibu na nyaya kubwa huvuma, lakini Ludovick hakuona sababu ya kuwachosha wananchi kwa maelezo. Alipiga hodi kwa Leonia, mjane aliyeishi kando ya nyaya za zamani na ambaye majirani walimwita Mama Joyness, akamkuta anapepeta maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

"Nimekuja kwa ajili ya afya yako."

Akawasha. Kipimo kikanguruma. Ludovick akafumba macho kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Kinasemaje?" Leonia akauliza.

"Mama, magoti yako yakoje?"

"Yananisumbua."

"Ndiko madhara ya nyaya yanakoanzia."

"Mbona kuku wangu wazima?"

"Kuku hawaishi siku nyingi, mama. Wanachinjwa kabla hawajaugua."

Haki itendeke: suala la nyaya na afya ya binadamu wataalamu wa kweli wameshalichunguza miaka mingi, na hulizungumzia kwa tahadhari kubwa. Ludovick hakuwa na tatizo hilo. Alieleza kwamba taasisi yake inanunua nyumba za mkuzani kwa ajili ya utafiti, fedha zimechelewa, ila yeye ameruhusiwa kutoa pikipiki.

Leonia aliitazama pikipiki kwa muda mrefu. "Kadi yake unayo?"

Waliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hilary, majirani wakiwa mashahidi.

"Mtaalamu, una swali lolote kabla ya kusaini?" mwenyekiti akauliza. Akauliza tena. Mara ya tatu aliuliza akiwa ameshika kalamu ambayo hakutaka kuitoa.

Ludovick hakuwa na swali. Kanuni ya kazi yake ilikuwa kutouliza jambo ambalo mtaalamu angepaswa kulijua. Leonia ndiye aliyeomba sentensi moja iongezwe: haki zote za kabla ya leo ni za muuzaji. Ludovick akafikiria maharage yaliyobaki shambani, akaona amwachie mama wa watu. Akasaini kwa mbwembwe.

Siku ya fidia alifika ofisi ya kata na tai. Karani akafungua faili, akamgeuzia picha. Leonia alikuwa amesimama mbele ya nyumba na kitenge chake cha kanisani, ameshika kibao chenye namba arobaini na moja. Tarehe ya picha ilikuwa wiki moja kabla ya kipimo kuingia Nangara.

"Tathmini ilishafungwa," karani akasema. "Analipwa aliyepigwa picha."

"Nyumba ni yangu. Hati hii hapa."

Karani akaisoma mpaka mwisho, bila haraka. "Kweli, ni yako. Basi na notisi ni yako. Unaiondoa nyumba ndani ya siku thelathini, kwa gharama zako. Baada ya hapo ruksa kulima mazao mafupi. Usijenge, usipande miti."

Leonia alikuwa kwenye benchi nje, anasubiri kuitwa. Ludovick akasimama mbele yake, tai imelegea.

"Mama, ulijua?"

"Mtaa mzima tulijua. Tulipigwa picha siku moja."

"Sasa kwa nini hamkuniambia?"

"Mwenyekiti alikuuliza mara tatu, mwanangu. Tukaona mtaalamu anajua mambo yake."

"Na pikipiki?"

"Iko Dareda kwa mkwe wangu, inabeba magunia. Nzuri sana, umeitunza."

Hapo Ludovick aliumia, maumivu ya kweli, ya miaka mitatu. Alikaa chini kwenye ngazi ya ofisi, akaisoma notisi, akairudia. Leonia akamwonea huruma. Hakuwa mwanamke mbaya.

"Anza na bati," akamwambia. "Ukianza na ukuta litakuangukia."