Kiponda na Bamvua la Mto wa Mlimani

Kaeni kitako, enyi watu wa Kisauni mnaojua kupwa na kujaa, mpate kusimuliwa habari za Kiponda mwana wa Tinga, simba wa Mjambere, mpiga kafi asiyetetereka, aliyeukabili mto wa milima ya Taita Jumatatu ya Pasaka, mbele ya kwaya nzima na, jambo zito kuliko yote, mbele ya mama mkwe wake.

Kwaya ilikuwa imekwenda kutazama vipepeo na kuchezea maji baridi. Wote walikwisha kuvuka kwa daraja la magogo. Ikasalia sufuria ya pilau na Mama Kafedha, ambaye magoti yake hayakuafikiana na magogo. Kiponda akatamka kwamba mtu wa pwani hatishwi na maji ya kunywa, akavipakia vyombo na mama katika mtumbwi wa mpira. Tangu amwoe binti yake Kahaso, mama huyo humwita "yule kijana", na moyo wa shujaa uliumia kwa hamu ya kuitwa mkwe.

Katikati ya mto mtumbwi ukapanda jiwe, ukakwama. Akapiga kafi kulia, akapiga kushoto, povu likaruka, jiwe halikushtuka. Ndipo alipoilaza kafi magotini kwa utulivu wa majemadari wa kale, akahutubia:

"Mama, usihofu. Maji yamekupwa tu. Mwezi ni mpevu, leo bamvua, siku ya maji makuu. Tungoje, yatajaa, yatatuinua."

Wakangoja. Pilau likapoa. Kwaya ikaimba nyimbo zote ilizozijua, ikaanza moja isiyoijua. Mto ukateremka vilevile, usiongezeke hata kidole. Mama Kafedha akautazama mlima, akayatazama maji.

Hapo Kiponda akatambua kwamba nyuma ya mto huu hakuna bahari, na aibu ikampanda hadi masikioni. Akafumba macho, akajitupa kilindini. Kilindi kikamfika vifundoni. Mtumbwi, ulipopungukiwa na uzito wa shujaa, ukaelea wenyewe, naye akauburuta hadi ng'ambo.

Winfred, mwalimu wa kwaya, akauliza ni vita gani iliyowachelewesha. Kiponda akaitazama miguu yake, akingoja hukumu. Mama Kafedha akajifunga leso sawasawa.

"Tulikuwa twangoja maji yajae," akasema polepole. "Yakajaa. Mkwe wangu ayajua maji."

Basi na ihifadhiwe hivyo: siku ile mto wa mlimani ulijaa, na Kiponda wa Mjambere akala ukoko wa pilau, aliokwanguliwa na mama mkwe kwa mkono wake mwenyewe.