Kipande cha Bitana

Jumatatu, 3 Machi

Dharau imevuka mpaka. Ukuta wa maktaba umebakiwa na msumari mmoja tu wa kutundikia picha, na mwalimu wetu wa darasa la jioni la uchoraji anasema tunaougombea ni wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji! Muuza viatu! Ijumaa mwalimu atachagua. Jumapili mama mkwe anakuja kutazama maonyesho, na tangu nimuoe binti yake hunitambulisha kwa wageni kama "yule wa pasi". Ni kweli, napiga pasi kwa dobi. Lakini msumari ule nautaka kufa na kupona.

Masharti: picha ndogo, isizidi kitabu kilichofunguliwa. Rangi pamoja na vitu vya kubandika. Itokane na yale tunayoyaona kila siku. Shemeji anabandika maua makavu. Maua anayaona wapi kila siku, kwenye soli?

Jumanne, 4 Machi

Nimechora dirisha la dobi lililojaa mvuke, na makoti yaliyotundikwa. Nimebandika vifungo visivyo na wenyewe, nyuzi, tiketi zilizosahauliwa mifukoni. Kazi ya akili. Mke wangu akaitazama, akauliza nani ameimwagia chai.

Hata hivyo, kweli picha imefifia. Inadai kitu kimoja cha kung'aa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekipata! Mwalimu alisema tutazame wasichokitazama wengine. Sasa nani hutazama bitana ya koti la mwenzake? Mimi peke yangu. Leo limeletwa koti la kijivu, la kawaida kabisa kwa nje, ndani bitana nyekundu kama nyanya iliyoiva. Nimekata kipande kidogo kwapani, mahali ambapo hata mwenyewe hapajui. Si wizi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama.

Nimekibandika kiwe mlango wa dobi ulio wazi. Picha imefufuka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda. Mwalimu aliitazama picha yangu kwa muda mrefu, akaugusa ule mlango mwekundu kwa kidole. Alisema unamkumbusha kitu cha karibu naye sana, ila hakijui ni nini. Hiyo ndiyo sanaa! Shemeji alinipa pongezi huku amebana meno. Nikamwambia asikate tamaa, maua yake yangependeza juu ya boksi la viatu.

Nina furaha isiyo na kifani. Nimenyoosha shati la Jumapili mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Huu ni uonevu. Mwalimu alikuja dobi kuchukua koti lake. La kijivu. Nilijificha nyuma ya mashine ya mvuke, lakini bosi alimsihi alivae kwanza, aone lilivyonyooka. Akaingiza mkono, mkono ukapotelea ndani ya bitana. Bosi akaniita.

Mwalimu hakufoka, na afadhali angefoka. Aliniuliza kwa upole ule wekundu nilikuwa nimeutoa wapi. Nikamwambia: katika kutazama. Bosi akaamuru picha iletwe na kipande kirudi kilikotoka. Nilipokibandua kikang'oka na dirisha, mvuke na nusu ya makoti. Tena nikashikishwa sindano, nishone mwenyewe, mbele ya wateja! Tangu leo sigusi makoti ila kwa ruhusa ya bosi.

Jumapili, 9 Machi

Msumarini: maua. Mama mkwe alisimama mbele yake akasema angalau katika ukoo kuna mmoja mwenye macho. Nilimweleza kwamba aliyechaguliwa kwanza ni mimi. Akaniuliza basi picha yenyewe iko wapi. Niliumia, sitaficha. Mke wangu alininong'oneza kwamba nishukuru sikufukuzwa kazi. Nishukuru! Msanii ananyang'anywa ukuta, halafu ashukuru.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelitafakari jambo hili kwa haki kabisa. Kosa langu lilikuwa moja: koti lilikuwa la mwamuzi. Lingekuwa la mtu mwingine, saa hizi mama mkwe angekuwa ananitambulisha vingine.

Mwalimu, ambaye ana moyo, amekubali nilete picha mpya mwezi ujao. Nimeanza. Dirisha lilelile, safari hii na anga juu yake.

Na leo shemeji kaleta suti yake inyooshwe, kwa majivuno makubwa. Jumamosi atasimama mbele ya umati pale maktaba, anyooshe mkono juu na kuwaelekeza watu kwenye picha yake. Bosi ameniruhusu niishughulikie, kwa kuwa ni ya ndugu.

Bitana yake ni ya buluu, buluu ya anga hasa. Na shemeji si mwamuzi wa chochote. Nimepima kwa jicho: kipande kidogo tu, kwapani, safari hii nikate na kitambaa cha nje kidogo ili gundi ishike vizuri. Nani atachungulia huko?